Kijiji cha Kutazamwa

Ngoma niliisikia kabla sijaona kitu. Nilikuwa nimesimama nje ya ua wa makuti kaskazini ya Malindi, pale njia ya Mambrui inapoanza kuusahau mji, nikingoja kuitwa ndani niulizwe juu ya kazi. Upande wa pili wa ua ngoma ilikuwa ikilia kwa uzito wa watu wengi, nami nikajiambia, hawa wana harusi au wana msiba, leo hakuna atakayeajiriwa. Mlinzi akanifungulia. Niliingia nikiwatafuta wapigaji kwa macho, na hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyumba saba za nyasi, zile za Kigiriama zinazoshuka mpaka chini kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi, uwanja uliofagiliwa, mbuzi wawili kwenye kamba, kinu kisicho na mchi, na mnazi mmoja ambao ngoma ilikuwa ikitoka shingoni mwake. Spika ilikuwa imefungwa huko juu katikati ya makuti, ikapakwa rangi ya kahawia isionekane. Nimeishi miaka mingi tangu asubuhi hiyo, na hata leo nikisikia ngoma, kwanza hutazama juu.

Mwezi uliopita tulimzika Katana kwao Magarini. Juu ya jeneza waliweka picha yake ya ujana, na kwa kuwa hakuwa na nyingine, waliweka ile aliyovaa kilemba cha dhahabu, kizibao cha mahameli na jambia la bati kiunoni. Mjukuu wake mmoja, mtoto wa kike wa miaka kama sita, aliikodolea macho kisha akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Kwani babu alikuwa Mwarabu?" Watu wakacheka, kama watu wanavyocheka msibani wakipata nafasi. Mama yake akamvuta mkono. "Nyamaza wewe. Babu yako alikuwa kazini." Nikacheka nami. Nilitoka nikaenda nyuma, kwa wanawake waliokuwa wakisonga sima katika sufuria kubwa, nikasimama kwenye moshi ili machozi yangu yapate sababu. Picha ile nilijua ilipigwa siku gani. Katika watu walioujua mwaka ule ulivyokuwa, sasa nimebaki peke yangu, na ndiyo sababu nauandika.

Yaliyonifikisha Malindi hayana nafasi hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na nilikuwa na njaa. Msimamizi wa Bustani, kama tulivyoyaita maonyesho yale ya watalii, Bwana Twalib, alikuwa mtu wa Mambrui, nadhifu, mwenye Kiswahili kilichojaa kama chungu cha wali wa arusi. Nilimsalimu kwa kumtikisia kichwa tu, kikwetu.

"Jina lako?"

"Mwende."

"Mkamba. Na shikamoo kwenu haikufika?"

"Shikamoo."

"Marhaba, mwanangu. Hapa twataka Mgiriama. Utaweza?"

"Kufanya nini?"

"Kuwa Mgiriama. Saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni."

Kijana mrefu aliyekuwa akitengeneza kayamba mlangoni alicheka. Huyo ndiye Katana. "Bwana Twalib, huyu hata umvike hando vipi, ataonekana kavaa pazia."

"Basi mpeleke kwa Hawe, amfunze kulivaa," Bwana Twalib akasema, na kwa maneno hayo nikawa Mgiriama.

Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, na Hawe Kadzo alikuwa nyanya wa kijiji kizima cha maonyesho. Usimfikirie bibi mpole. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye majivuno juu ya miguu yake ambayo alisema haikuzeeka, na alinusa tumbaku wakati wageni wakimpiga picha ili wapate picha ya mtu anayepiga chafya. Alinifunga hando kiunoni, ile sketi nyeupe ya marinda mengi ambayo wanawake wa kwao walivaa zamani na baadhi yao bado, akanizungusha, akanipiga kofi la nyonga. "Wewe umebebwa na miguu," akasema. "Mwanamke hubebwa na kiuno. Rudi kule, uje tena." Nikarudi kule, nikaja tena, mara kumi, Katana akihesabu kwa sauti. Kufikia wiki ya pili nilikuwa natwanga, napepeta, napika na kutembea vizuri kiasi kwamba mtembeza wageni alinielekezea fimbo akawaambia Wajerumani kuwa mimi ni mke wa tatu wa mzee wa kijiji. Mzee wa kijiji alikuwa mbuzi mkubwa mwenye ndevu. Hatukuwa na mwingine.

Sisi wote tulikwenda zetu jioni. Hawe alibaki. Nyumba ya saba, ile ya mwisho karibu na dimbwi la mamba, ilikuwa nyumba yake kwelikweli. Miaka ya mwanzo ya kijiji alikuja kuwaelekeza mafundi jinsi nyasi zinavyofungwa, akalipwa, akarudi kwao bara ya Vitengeni. Huko homa ikaua watoto wawili katika boma la shemeji yake, na macho yakamgeukia yeye, mjane, mwenye kichwa cheupe, wakasema ni mchawi. Walikata mikorosho yake kwanza. Kisha wakang'oa nyasi za paa akiwa ndani. Kwa mwanamke wa namna yake, aliniambia, hatua ya tatu haisimuliwi, kwa sababu hakuna anayebaki kuisimulia. Alirudi Bustani na mkeka mmoja na chungu kimoja, akamwambia Bwana Twalib, "Nyumba isiyo na moto huliwa na mchwa. Nani atakuwashia moto?" Bwana Twalib, aliyekuwa na huruma kuliko alivyopenda ijulikane, akajibu kwamba kweli, nyumba yataka moshi. Hivyo Hawe akawa na kwake. Hakuwa na mahali pengine chini ya mbingu. Naomba msomaji alishike hilo, kwa kuwa mimi nililishika, na bado nikafanya nilichofanya.

Ndani mwake palikuwa na giza lenye joto. Macho yalichukua muda kuona mafiga matatu, kitanda cha kamba, kibuyu, na masizi yaliyoning'inia darini kama nyuzi za pamba nyeusi. Saa saba mchana, wageni wakienda kula hotelini, tuliinama tukaingia mimi na Katana, tukala sima kwa mchunga, mboga chungu ambayo Hawe aliipika kwa tui zito mpaka uchungu wake ukawa kama neno kali lililosemwa kwa upendo. Kupitia nyasi tulimsikia mtembeza wageni akiendelea huko nje na waliochelewa: hawa watu hawajui saa, hawa watu hawajui chumvi. "Nipe chumvi," Hawe alisema. Katana akampa, akitazama saa yake ya mkononi.

Kijiji kilikuwa kinaoza mbele ya macho yetu. Nilidhani mahali palipotengenezwa ili paonekane pa kale hapawezi kuzeeka. Panazeeka mara mbili. Kwanza kwa mchwa na chumvi ya bahari: nyumba sita zisizo na moto ziliinama mwezi baada ya mwezi, nyasi zikawa unga, na palipotoboka paliwekwa mabati yaliyopakwa tope. Kanda ya ngoma nayo ilichoka kwa kuchezwa kutwa kucha. Ikavutika, ngoma ikawa nzito, na wachezaji waliofuata kanda wakapunguza mwendo bila kujua, hata ikafika siku mchezo wa mavuno ulichezwa kwa hatua za mazishi na wageni wakavua kofia. Na panazeeka mara ya pili kwa sababu watu wanaoigwa hawasimami kungoja. Nje ya ua, Wagiriama halisi walikuwa wananunua mabati, redio, cherehani. "Ndugu zangu wote wana mabati," Hawe alisema. "Wamebaki nyinyi tu hapa, mnaoishi kizamani."

Wakati wa mvua za mwaka huo alimwomba Bwana Twalib ruhusa ya kuwaonyesha wageni mchezo mpya. Bwana Twalib, ambaye kanda ile ilikuwa ikimtesa usingizini, akakubali kwa furaha. Siku ya mchezo alikuja mganga mmoja kutoka Magarini. Alipitia mlango mkuu pamoja na wapiga ngoma wa kukodiwa, na Bwana Twalib alidhani ni mmoja wao. Alibeba kijungu kidogo kilichofungwa mdomo kwa kitambaa cheusi. Hawe akanipa kuku mweusi nimshike. "Shika, Mkamba. Wewe huna neno naye." Mganga akachimba hatua tatu kutoka kizingiti cha nyumba ya saba. Akasema maneno marefu, Hawe akaitikia, maji yakanyunyizwa, kuku akachukuliwa mikononi mwangu, kijungu kikashuka shimoni. Nilimwona Katana. Alikuwa anapiga ngoma ya kweli siku hiyo, na mikono yake ikamganda hewani. Mpiga ngoma wa pili naye akaacha. Katika ukimya ule Wajerumani wakapiga makofi. Mama mmoja akauliza kama mzee anaweza kurudia tangu mwanzo, kwani filamu ya kamera yake ilikuwa imekwisha. Mganga akajibu maneno matatu makali kwa Kigiriama, na mtembeza wageni akatafsiri, "Anasema karibuni tena."

"Mashallah!" Bwana Twalib akasema baadaye. "Mchezo mzuri huo. Na uwe kila Jumatano."

"Bwana Twalib," Katana akajibu, bila mzaha hata chembe, "mchezo ule hauna Jumatano."

Aliniambia tukiosha masufuria. Kile kilikuwa fingo. Huzikwa mtu anapoanzisha boma lake, na maadamu kiko chini, anayemtakia mwenyewe mabaya hawezi kuvuka. "Hawe keshaweka boma pale. Si maonyesho tena. Sisi tunaigiza kijiji, yeye anacho."

"Na mtu akikichimbua?"

"Asiyekizika? Atavimba." Akajaza mashavu hewa kunionyesha. Nilimngoja acheke. Hakucheka.

Kwa miezi minne baada ya siku hiyo Hawe alilala bila kuweka mchi mlangoni, ule aliokuwa akiuweka kila usiku kwa hofu ya watu wa kwao. Aliongezeka mwili. Alianza kuimba akipepeta, nyimbo za matusi nyingi, na mara moja alimchezea kiuno mgeni mmoja mnene mpaka yule bwana akakaa chini kwa kicheko. Nilifikiri hivyo ndivyo mambo yatakavyokuwa.

Halafu Bustani ikabadili mikono. Mwenye mali mpya, Mtaliano, alikuja na mchoraji wake na karatasi ndefu walizozitandaza kwenye baraza ya ofisi wakazikandamiza kwa chupa. Nilipeleka maji ya ukwaju, nikakawia kuondoka. Bwana Twalib alikuwa akiwatafsiria wafanyakazi. "Bwana asema wageni wa sasa wamevishiba vibanda. Wataka hadithi. Kutakuwa na Mji wa Sultani, kuba, chemchemi, soko la manukato."

"Sultani gani?" mtu akauliza.

Bwana Twalib akauliza, akajibiwa. "Yeyote."

"Sawa," Katana akasema. "Jana Mgiriama, kesho Mwarabu. Keshokutwa mnifanye Mzungu, nipumzike." Tulicheka sote. Bwana Twalib naye alicheka, kisha akasema kwamba nyumba saba zibomolewe kabla ya mwisho wa mwezi.

Nyumba sita zilianguka kwa siku moja. Hazikuhitaji nguvu, zilijilaza kama watu waliokuwa wakingoja ruhusa. Mbele ya nyumba ya saba majembe yote yakasimama. Hawe alikuwa ameketi kizingitini akipukuchua kunde. "Mwambieni mwenye mali," alisema, "nyumba hii ina mtu." Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mwenye mali mwenyewe akasimama uwanjani, akapiga kelele, akashika shoka akalisukuma kifuani mwa Katana. Katana akaliacha likaanguka. Vijana kumi na wawili wa Kigiriama, wenye watoto, wenye wazazi, waliokuwa wakihitaji kazi ile kama maji, hakuna hata mmoja aliyeinama kuliokota.

Bwana Twalib aliniita ofisini asubuhi ya siku iliyofuata. Nakumbuka chumba kile vizuri kuliko vyumba nilivyolala miaka: feni iliyozunguka kwa kulalamika, kalenda ya duka la vitambaa, sahani ya mahamri, bakuli la mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Alinimiminia mwenyewe. Msimamizi kukumiminia chai, ujue unaombwa kitu kizito.

"Kula, mwanangu. Mimi ni Mwislamu, wayajua hayo. Mambo ya fingo siyaamini." Alitazama mkono wake wa kulia. "Lakini mkono huu pia haukubali kushika jembe lile. Nimezaliwa nao huku. Wewe hukuzaliwa na hayo. Wewe una Biblia yako."

"Siwezi, Bwana Twalib."

"Nisikilize. Ijumaa Bwana aleta polisi. Watamtoa kama mvamizi. Na polisi akimtoa mtu, humuuliza kwao ni wapi, na humpeleka kwao." Niliiona njia ile ya vumbi, na boma lililoko mwisho wake. "Ndani ya Mji wa Sultani nimemwekea chumba. Nimemwapia Bwana kwamba twahitaji ajuza wa kumimina kahawa. Amekubali. Lakini nyumba lazima iondoke, na haiondoki mpaka kile kitu kitoke. Wakiona kimetoka wataibomoa. Mahali pake wapajua wewe. Ulishika kuku."

"Nimwambie mwenyewe kwanza."

"Atakubali?"

Mahamri yalikuwa ya moto bado, na niliyala. Nimejiuliza mara nyingi jinsi nilivyoweza kuyala.

Sikuwa na siku nyingi za kufikiri, nilikuwa na moja. Nilikuwa Mkristo wa kanisa dogo la watu wa bara, tuliofunzwa kuwa mambo yale ni udongo na vitambaa. Niliwaza: udongo kwa chumba, kitambaa kwa uhai wake, nani asingebadilishana? Ndivyo kosa langu lilivyofanana na hesabu nzuri. Alhamisi saa moja asubuhi Hawe alikwenda bombani nyuma ya dimbwi la mamba, kama kawaida yake, kuoga na kuteka. Nilihesabu hatua tatu kutoka kizingitini. Ardhi ilikuwa laini, jembe halikutoa sauti. Kijungu kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka, na kitambaa kilikuwa kimeoza. Sikukifungua. Nilikifunika kwa kanga nikakipeleka ofisini, na Bwana Twalib akaruka kutoka kitini. "Si hapa! Mwende, si hapa!" Nikakichukua tena, nikazunguka nacho Bustani kama mwizi asiyetakiwa na mnunuzi, mwishowe nikakifukia chini ya mkwaju karibu na ua, pasipo maneno, kwa sababu maneno yake sikuyajua.

Nilirudi nikamkuta Hawe amesimama mbele ya shimo na debe kichwani. Alilitua polepole. Halikumwagika hata tone.

"Nani?"

"Mimi, Hawe."

Nikamwambia yote, polisi, chumba, kahawa, Ijumaa. Nilisema haraka, nikashika mkono wake, akauacha mkononi mwangu kama kitu alichokisahau. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulishika kuku," akasema.

Kisha akainama, akaingia ndani, akauzima moto wake mwenyewe kwa maji ya lile debe. Moshi ulitoka kupitia nyasi zote kwa wakati mmoja. Kufikia adhuhuri nyumba ilikuwa chini. Katana alivuta kamba pamoja na wengine, na hakunitazama siku hiyo wala wiki iliyofuata.

Bwana Twalib hakunidanganya, hilo lazima niliseme. Chumba kilikuwepo. Kilikuwa nyuma ya ukuta wa kuba, ukuta wa wavu na saruji nyembamba uliopakwa chokaa, na kilikuwa na dirisha zuri la tao lenye nakshi ambalo kwa ndani halikuwepo, kwa kuwa lilichorwa upande wa wageni tu. Moto ulikatazwa, hata wa makaa, moshi usije ukaitia madoa chokaa. Walimvika buibui, wakampa dele la shaba la kahawa na vikombe, wakamkalisha kwenye zulia. Wageni walikuwa hawajaanza kuja. Alikuwa akiwamiminia wapiga lipu, kwa mazoezi. Nilimpelekea sima na mchunga kila mchana nikaketi mlangoni. Alikula nikishaondoka. Sahani niliikuta nje, imeoshwa. Niliongea, nikaomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Kigiriama kibovu alichonifunza yeye. Mara moja tu alinijibu, na hakuwa akinijibu mimi. Alisema akilitazama dirisha lile lisilokuwepo, "Sasa kuko wazi."

Nimesoma na kusafiri kidogo tangu hapo, nimeona sehemu nyingine za aina ile, na kila mara huona kitu kilekile. Nyumba ya kweli ikizeeka huongezwa nyasi. Nyumba ya maonyesho ikizeeka hubadilishiwa ukoo. Macho ya wageni hugeuka, na aliye ndani hugeuzwa pamoja na ukuta. Lakini fikira hizi nilizipata baadaye, nikiwa nimeshiba. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu: kwamba Hawe aliamini hana tena kinga, na mimi niliamini anakosea, na nilihitaji sana awe anakosea.

Kwa kuwa vijana kadhaa wa Kigiriama waliacha kazi baada ya siku ile, wapiga lipu wapya waliletwa kwa lori kutoka bara. Mmoja alikuwa kijana mpole mwenye shati safi hata kazini. Alikuja kupokea kahawa wakati wa mapumziko, akakunja magoti kwa adabu, akachungulia chini ya buibui.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Kahawa ilijaa kikombe, ikafurika, ikatambaa kwenye zulia.

"Marhaba," Hawe akasema.

"Kumbe uko huku! Nyumbani walidhani umepotea. Baba atafurahi." Alipokea kikombe kwa mikono miwili. "Nitawapa habari zako."

Mtoto wa shemeji yake. Nilikimbia ofisini. Nilimwambia Bwana Twalib amfukuze yule kijana, sasa hivi, leo. Alinitazama kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kutoa huruma yake yote. "Kafanya nini?"

"Kamwamkia."

"Kamwamkia. Nimfukuze mtu kwa shikamoo, Mwende? Nitamwambia nini Bwana?" Nilipiga magoti kwenye saruji ya ofisi. Alinishika bega akaniinua, akatazama pembeni. "Nipe mpaka baada ya ufunguzi. Nitatafuta njia." Jioni ya siku hiyo kijana aliomba ruhusa ya kwenda kwao mara moja, akapewa.

Ufunguzi ulikuwa siku ya tatu. Mimi nilikuwa mfungua mlango. Walinivika hariri ya bandia, wakanichora hina, wakanifunza kusema "Ahlan wa sahlan" na kurudi nyuma hatua mbili. Mlango wenyewe ulikuwa fahari ya mchoraji, mrefu, wenye maua na minyororo iliyochongwa, na misumari mikubwa ya shaba. Mchezo ulikuwa huu: wageni washuke kwenye basi, waukute umefungwa, ngoma ilie mara tatu, ndipo ufunguke wauone mji. Saa tatu kasorobo Katana alikuwa kulia kwangu na kilemba chake na jambia, mpiga picha wa Bustani akimpanga. Hapo Hawe akatoka chumbani. Alikuwa amelivua buibui. Alivaa hando, kifua amekifunga leso, mkeka kichwani, chungu kwapani.

"Hawe, wafanyakazi hutokea nyuma," nilisema, kwa ujinga wa hofu.

Hakugeuka kuelekea nyuma. Alikuja moja kwa moja kwenye mlango mkubwa, akasimama mbele yangu, akangoja afunguliwe kama mgeni yeyote. Niliufungua ubawa mmoja. Nje palikuwa na jua jeupe na njia mbili, moja ya mjini na moja ya kwenda mbali, na vumbi la basi likija.

"Kaa mpaka jioni tu. Tutakwenda wote. Nina chumba Maweni, kina mlango, kina komeo."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya shimo. Machoni mwake hamkuwa na hasira, na ningalitoa chochote iwemo.

"Unakwenda wapi, Hawe? Niambie tu unakwenda wapi."

"Nikikuambia," alisema, "utawaonyesha."

Akavuka. Katana akaanza kumfuata, na mpiga picha akamrudisha kwa mkono, "Tulia, tulia, tazama hapa." Basi likapiga honi. Kutoka juu ya kuba Bwana Twalib akaita, na sauti yake ilikuwa imepasuka, "Funga, Mwende! Funga, wamefika!"

Nikauweka mkono wangu wenye hina kwenye ubawa ule. Ulionekana mzito kama mlango wa ngome. Ulikuwa wa plaiwudi, na ulijifunga kwa kidole kimoja.